Bodi kiti kwenye Range Rover: jibu kwa mdogo wangu wa Masasi

Mdogo wangu mmoja wa Masasi ameniandikia baada ya minada ya korosho kumwendea vizuri. Amevuta Range Rover Sport ya 2015, ile ya V8 ya lita 5.0 yenye supachaja, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini iwe na nguvu. Anataka kuivalisha bodi kiti pana, yaani seti ya vipande vya kubadilisha sura ya gari, yenye fenda za kupachika, rimu nyeusi za inchi 24 na rapu isiyong'aa, ile karatasi ya plastiki inayobandikwa juu ya rangi. Mwishoni akaandika: "Kaka, yako nimeiona Shangani. Nzuri, ila imekaa kiserikali sana."

Neno hilo nalijua, maana yake gari limekaa kama la ofisi, halina urembo. Niliambiwa hivyohivyo harusini Ligula, hapa Mtwara, mbele ya shemeji zangu, na mtu ambaye bampa lake lilikuwa limeshikwa na vibanio vya plastiki. Liliniuma, na sitasema limeisha. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, maana najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo ya kuendesha gari kubwa lenye nguvu, na mkishalipata mnataka lionekane.

Yangu ni ya 2014, injini kama hiyo. Niliinunua Dar kwa mtu aliyekuwa ameshaivalisha kila kitu: fenda pana za faiba, bampa lenye midomo mitatu, spoila mbili nyuma. Mambo ya bei na makaratasi nayaruka, kila mtu anayajua. Nilichokuwa nakitaka ni gari lililokuwa chini ya vile vitu, na tangu siku ya kwanza nia yangu ilikuwa kuvivua.

Tulianza na fenda, kwa fundi wa bodi hapahapa Mtwara. Sikilizeni hapa vizuri. Bodi ya Range Rover Sport iliyoanza 2013 ni ya alumini. Fenda za faiba zilikuwa zimefungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida, zimetobolewa moja kwa moja kwenye alumini. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Na sisi tunaishi wapi? Shangani, Mikindani, Lindi mjini, upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani. Kila tundu lilikuwa limezungukwa na unga mweupe, rangi imevimba kama malengelenge. Fundi wangu alinyamaza, akaanza kuhesabu matundu kwa kidole. Kusafisha, kuziba na kupuliza rangi upya kulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote pamoja.

Bampa nalo lilikuwa na kisa chake. Lile tundu kubwa la chini, ambalo kwenye picha linaonekana la hatari, lilikuwa limezibwa kwa nyuma. Urembo mtupu. Injini yenye supachaja inahitaji hewa ya mbele ipoze rejeta ya injini na pia maji yanayopoza hewa inayoingia kwenye silinda. Ukiziba mbele, joto la Novemba la huku linakunyang'anya nguvu ileile uliyoinunua. Tuliporudisha bampa la kiwandani, gari lilipumua. Nililipeleka Dar na kurudi na mshale wa joto haukutikisika.

Wiki mbili zilizopita mfanyabiashara mmoja kutoka Dar aliliona limeegeshwa, akalizunguka, akataja bei ambayo sikuitarajia. Nilikataa. Lakini nilipita makusudi kwa yule bwana wa harusini nikamsimulia.

Sasa msidhani napinga urembo wa magari. Overfinch wa Uingereza wanazigusa Range Rover tangu 1975, na walijijengea jina kwa kufunga injini ya V8 ya lita 5.7 ya Kimarekani na kulifanya gari liendane nayo. Brabus wa Bottrop, Ujerumani, walioanza 1977, nao wanaanzia kwenye injini. Hao nawaheshimu. Mansory nawatazama kwa mashaka: kaboni faiba kila mahali, mistari juu ya mistari, mpaka huoni tena gari lilichorwaje. Range Rover ina boneti pana linalofunika mpaka ubavuni, paa linaloonekana kuelea juu ya nguzo nyeusi, na mstari mmoja wa kiuno usiokatika. Ukibandika fenda nene juu ya hapo, umekata mstari ambao watu waliulipia mamilioni kuuchora. Na hapo nazungumzia bodi kiti halisi. Nyingi zinazofika kwetu ni kopi za faiba ambazo jua linazipinda, na mwanya kati yake na bodi hauji sawa hata fundi awe nani.

Rimu. Tairi la 255/55 kwenye rimu ya inchi 20 lina ukuta, yaani mpira unaokinga rimu na mashimo, wa milimita 140. La 275/40 kwenye inchi 22 lina 110. Ukienda 24 na kubaki na kimo kilekile cha gurudumu, unabakiwa na karibu milimita 90. Kwa barabara ya kwetu? Tangu mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara pale Somanga Mei 2024, kila anayesafiri kwenda Dar anajua anachokutana nacho. Hapo sijataja matuta, wala malori ya saruji unayoyapisha usiku hadi ukingoni mwa lami. Mimi nina 20 na naingia Newala na vumbi lake bila kukunja uso.

Vijana wa Kusini, tuache kununua picha za Dubai. Kule gari linatembea kwenye lami laini na kulala ndani. Letu linalala nje, linakula chumvi usiku na vumbi mchana. Heshima ya gari huku ni kufika likiwa zima, safi, milango inafunga kwa sauti moja. Anayetaka kelele atafute spika.

Mdogo wangu, fanya hivi. Kama fundi hajatoboa fenda, msimamishe leo. Pesa ya bodi kiti ipeleke kwenye shokapu za upepo na kompresa yake, ile pampu inayozijaza, maana kwenye gari la umri huo vitakudai tu, halafu tairi nne za maana. Rangi ikikukera, weka rapu inayong'aa, isiyong'aa itashika vumbi jekundu na hutaisafisha ukaridhika. Na ukibadilisha rangi, kadi ya gari ina rangi ya zamani, kwa hiyo pita TRA, mamlaka ya mapato, urekebishe, na bima uwaambie. Rimu za 24 kama umeshatoa malipo ya awali, omba wakubadilishie za 21 na tairi la 275/45. Wakikataa, ziuze zikiwa bado kwenye boksi.