Kabla hujakiriseti kinanda, soma yaliyonikuta

Jumamosi usiku kijana mmoja anayesoma humu alinitumia picha. Amenunua Korg Triton Extreme iliyotumika, kaibeba kwenye basi, kafika nayo nyumbani, kaiwasha. Kwenye skrini kuna majina ya saundi asiyoyajua: PASAKA 2, SEBENE JUU, BESI YA MZEE, na moja imeandikwa USIFUTE. "Kaka, imejaa takataka za mtu. Nairiseti vipi irudi kama ilivyotoka kiwandani? Kesho nina ibada."

Ujumbe wake niliuona Jumapili mchana. Nitarudi kwake. Ila niliposoma lile neno takataka, tumbo lilinikata, na nitawaambia kwa nini.

Mwaka 2012 nilikuwa Mwanza, nina miaka 23 na kichwa kikubwa kuliko vidole. Nilikuwa nimezoea kinanda kidogo cha Yamaha, mara nikakabidhiwa Triton ya kwaya kwa sababu mpigaji wao, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alihamia Kahama kikazi. Wanaoijua wanaijua: mwili wa bluu, na kidirisha ambacho ukichungulia unaona valvu ndani, kama taa ya redio ya babu. Korg waliitoa 2004. Mwalimu alikaa nayo miaka saba, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akitengeneza saundi zake. Jina la saundi kwenye Triton linabeba herufi 16, naye alizitumia zote. Hakukuwa na wimbo wa kwaya usio na saundi yake.

Miezi ya kujifunza naruka, haina utamu. Nije kwenye ile Alhamisi ya mazoezi, kinanda kilipotoka nusu toni juu ya magitaa. Mpiga solo akanigeukia: "Bwana mdogo, uko wapi?" Kila mtu akanitazama. Nikasema kinanda kimeharibika. Ukweli ni kwamba sikujua pa kutazama, na kusema "sijui" mbele ya waimbaji 30 lilikuwa jambo nisiloliweza.

Wenzangu walipoondoka nikabaki nacho. Nilishasikia kwamba dawa ya kila ugonjwa ni kukirudisha kiwandani. Nikaingia Global, sehemu ya mipangilio ya kinanda kizima, nikagusa kile kimshale cha kona ya juu kulia, nikachagua "Load Preload/Demo Data". Kinanda kikakataa, kikaniandikia kwamba memori imelindwa. Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikaitafuta sehemu ya "Memory Protect", nikaondoa tiki moja baada ya nyingine, nikarudi, nikachagua yote. Kikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza OK kwa kidole cha shahada, naona fahari, kama fundi.

Jumapili tunaingia na wimbo wa kwanza. Wimbo ule ulianza na nyuzi za Mwalimu, zinapanda taratibu, chini yake kuna filimbi ambayo ulikuwa huisikii mpaka inyamaze. Nikabonyeza namba ileile ya siku zote. Zikatoka ngoma zinazojipiga zenyewe, za disko, kwenye spika zote mbili, mchungaji akiwa amefumba macho.

Baada ya ibada mwenyekiti wa kwaya alisimama wakati wa matangazo akasema kuna mtu ametufutia kazi ya miaka saba. Jina hakulitaja, ila alinitazama. Mbele ya watoto, mbele ya mama yangu. Nimemsamehe, au angalau nasema nimemsamehe.

Jioni nikampigia Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mdogo wangu, habari za kwaya?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuna kadi, alihifadhi kila kitu kwenye kadi ya CompactFlash, ngoja aitafute. Nililala vizuri usiku ule. Kesho yake akapiga: kadi ilikuwa imeazimwa na mpwa wake anayepiga picha za harusi. Kamera ilipoomba kuifomati, mpwa akakubali.

"Ungeniuliza tu," Mwalimu akasema. Namba yake nilikuwa nayo siku zote.

Wiki iliyofuata fundi alifungua ukurasa wa kwanza wa Global akanionyesha "Key Transpose", inayopandisha au kushusha toni ya kinanda kizima. Namba moja tu. Ikiwa +01 unairudisha 00, umemaliza. Mtu aliigusa kisha akahifadhi, na nina mashaka mtu huyo ni mimi.

Sasa ushauri, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Hifadhi kwanza. Kwenye Extreme weka kadi, bonyeza MEDIA, nenda Save, gusa kile kimshale, chagua "Save All". Utapata faili la PCG lenye saundi na combi (saundi kadhaa zilizounganishwa zilie pamoja), la SNG lenye nyimbo, na la KSC lenye orodha ya sampuli, yaani sauti zilizorekodiwa, pamoja na folda ya sampuli zenyewe. Kisha toa kadi uinakili kwenye kompyuta, usiniletee habari za kadi moja. Na nyimbo ulizotengeneza kwenye sikwensa, kile kirekodi cha ndani ya kinanda, usisubiri kesho kuzihifadhi: ukizima Triton zinapotea, na umeme ukikatika ni hivyo hivyo. Mimi umeme ulinilia wimbo mzima uliobakiza besi tu.

Pili, hifadhi kwanza. Ndiyo, narudia.

Tatu, jiulize ugonjwa ni nini. Kinanda kiko juu au chini ya wenzako? Tazama transpose na tuning. Kimekuwa kimya ilhali skrini inawaka na nyaya ni nzima? Tazama "Local Control" kwenye ukurasa wa MIDI, ikizimwa vidole vyako havitoi sauti yoyote. Saundi imekauka, haina mwangwi? Huenda efekti zimezimwa kwa jumla hapo hapo Global. Kidole kimoja cha kinanda hakilii, au kinalia kwa nguvu peke yake? Hiyo ni mpira wa chini ya kidole na vumbi, kifunguliwe kisafishwe. Ukiriseti mara mia kitabaki bubu. Na waliochomeka kinanda cha soko la Japani, cha volti 100, moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 wasinitafute kwa riseti. Watafute fundi, na transfoma.

Wenye Yamaha, nyie mna njia fupi, na ndiyo hatari yenyewe. PSR nyingi unashikilia kidole cheupe cha mwisho kulia huku unawasha, mipangilio inarudi mwanzo. Kwenye zile ndogo za E, ukiongeza na vidole vyeusi vitatu vya mwisho, inafuta hadi nyimbo na midundo uliyoingiza. Kwenye Motif riseti iko Utility, kisha Job, kisha "Factory Set". Kote huko, hifadhi kwanza.

Vijana wa siku hizi mna haraka. Mnataka kinanda kitupu, mnasema mnataka "kuanza upya", wakati hamjasikiliza hata saundi tatu za aliyewatangulia. Kupiga kinanda ni kurithi. Nasema kwa ukali kwa sababu ilinichukua miezi tisa, na rekodi za zamani za kwaya masikioni, kuzijenga upya combi 11 kati ya zaidi ya 40. Leo naitwa Geita, Sengerema, mpaka Musoma kuwarudishia watu saundi zao, wengine wananiita profesa. Lakini ile filimbi ya chini ya nyuzi sijaipata mpaka leo. Mwalimu mwenyewe alipokuja kutusalimia alikaa kwenye kinanda saa nzima, naye hakukumbuka alivyoifanya.

Basi yule kijana. Jumapili nilipomwandikia kwamba asubiri, akajibu haraka: "Kaka nilishabonyeza jana ileile, nilipata video. Sasa iko safi kabisa!" na vidole gumba vitatu.

Nikamuuliza kama alau aliisikiliza ile USIFUTE kabla hajabonyeza.

Tiki zimekuwa za bluu tangu juzi. Hajajibu.