Jibu: Kwanini Urusi ilitumia meli za uvuvi kufagia mabomu ya baharini

Mkuu umeuliza kwanini Warusi walichukua meli za wavuvi badala ya kuunda za kivita, jibu liko kwenye kazi yenyewe. Trola, yaani meli ya uvuvi, kazi yake ni kukokota wavu mzito siku nzima, kwahiyo injini yake inavuta sana hata kwa mwendo wa taratibu, winchi (mashine ya kuvuta waya) ipo tayari, na mabaharia wake wamezoea waya na baridi. Ukifagia mabomu, meli mbili zinaenda sambamba zinavuta waya katikati, waya unanasa kamba ya chuma iliyolifunga bomu chini, ikikatika bomu linaibuka juu halafu wanalipiga risasi mpaka lizame au lilipuke.

Somo walilipata kwa uchungu Port Arthur, kambi yao ya meli za kivita huko China, 1904 wakipigana na Japani, meli yao ya kivita Petropavlovsk ilipogonga bomu na kuzama na kamanda wao Admirali Makarov. Baadae wakaunda za kwao za kufagia mabomu, kiwanda cha Izhora kikatoa meli za Minrep na Vzryv. Ila vita vya 1914 vilikuja na bahari ni kubwa, Juni 1915 meli ya Kijerumani Meteor ikatega mabomu Bahari Nyeupe, kaskazini mwa Urusi, njia ya silaha na makaa ya mawe kwenda bandari ya Arkhangelsk, ndo wakanunua matrola nje wakayapa majina ya herufi T na namba, na Waingereza nao wakaleta ya kwao kusaidia.

Ubaya wake sehemu ya chini ya trola inaingia kina kirefu majini, kwahiyo lenyewe laweza kugonga bomu kabla waya haujalifikia, wale jamaa walikuwa na roho ngumu kwelikweli.