Usimwahi mtoto: kwa walimu wasaidizi wapya wa watoto wenye usonji

Msaidizi mpya akiingia darasa la watoto wenye usonji wa miaka 3 hadi 6, kinachomponza mara nyingi ni wema wake. Mtoto ametazama tu chupa ya maji, kifuniko kimeshafunguliwa. Ameugusa mlango, komeo limeshatolewa. Siku inakwisha bila mtoto kuwa na haja ya kumwambia mtu chochote, halafu jioni kwenye daftari linaandikwa neno “hawasiliani.” Kazi yako ni kuitengeneza hiyo haja, kisha kutulia mtoto aifanyie kazi.

Kwanza tazama faili. Kama hakuna majibu ya kipimo cha masikio, uliza. Mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii vizuri, na usonji na uziwi vyaweza kumpata mtoto mmoja.

Kisha tafuta anachokipenda yeye, si unachodhani watoto wote hukipenda. Chukua vitu sita, umwonyeshe viwili viwili, uandike alichokichukua. Rudia siku tatu, maana cha Jumatatu kinaweza kumchosha ikifika Alhamisi. Chakula kikatwe vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Mapovu ya sabuni yapulizwe mara moja tu. Bembea isukumwe mara tatu, isimame. Biskuti nzima ni nafasi moja ya kuomba, lakini ikikatwa vipande kumi ni nafasi kumi. Karanga nzima na bisi usizitumie kwa walio chini ya miaka 5, zinakaba. Puto likipasuka, okota vipande vyote papo hapo kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa mtoto ambaye bado hana maneno, njia tunayoanza nayo ni kubadilishana picha, mfumo uliobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985. Picha iwe ya kitu chenyewe kwenye mandhari meupe, sentimita 5 kwa 5, ibandikwe kwenye kipande cha boksi na kufunikwa kwa selotepu pana pande zote mbili. Bila selotepu haimalizi wiki. Italowa mate na kutafunwa pembeni.

Hatua ya kwanza inahitaji watu wazima wawili, na hapa ndipo wengi huharibu. Mmoja anakaa mbele ya mtoto na kipande cha biskuti mkononi. Huyu ni mpokeaji. Mwingine anakaa nyuma ya mtoto, kimya kabisa, wala hamsifu. Kadi moja iko mezani. Mtoto akinyoosha mkono kuifuata biskuti, wa nyuma anauongoza mkono huo: uokote kadi, upelekwe kwa mpokeaji, uiachie kiganjani mwake. Hapo hapo mpokeaji anatoa biskuti na kutaja jina lake mara moja: “Biskuti!” Asichelewe. Zikipita sekunde tatu, mtoto ameshahusisha zawadi na kitu kingine, pengine na kujikuna.

Makosa yanajirudia. Mpokeaji anauliza “Unataka nini?” na mtoto anajifunza kwamba picha hutolewa baada ya swali, kwa hiyo asipoulizwa anakaa tu. Au anatandaza kiganja mapema, na kiganja kinakuwa ndiyo ishara ya kuanza. Kifunue pale tu mtoto anapokuwa ameshaishika kadi. Au wa nyuma anaukamata mkono wa mtoto kabla haujanyooshwa. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa wazo lilikuwa bado halijawa la mtoto.

Msaada hupunguzwa kuanzia mwisho. Kwanza unaacha kumsaidia kuachia kadi, kisha kuipeleka, na mwisho kabisa kuiokota. Ukianzia mwanzo atakwama katikati na kadi mkononi, asijue pa kuipeleka. Akifanya mwenyewe mara 8 kati ya 10 kwa watu wawili tofauti, songa mbele: mpokeaji arudi nyuma hatua moja, kisha tatu, kisha ampe mtoto mgongo, kisha awe chumba cha pili. Mtoto anayeomba akiwa mezani tu hajajifunza kuomba, amejifunza meza.

Kuchagua kati ya picha kunakuja baadaye. Weka picha ya biskuti na ya kitu asichokijali, soksi kwa mfano. Akileta soksi, mpe soksi. Usiseme “hapana,” wala usimrekebishe kabla hajaipokea, atashangaa mwenyewe. Ndipo umwonyeshe kadi sahihi, umsaidie kuitoa, umpe kazi nyingine fupi anayoiweza kama kupiga makofi, kisha urudie. Ukiiruka hiyo kazi fupi, ataiga tu alichoonyeshwa sekunde moja iliyopita nawe utadhani ameelewa.

Wazazi watakuuliza kama picha zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Tafiti hazijaonyesha hivyo, na watoto kadhaa huanza kutamka wakiwa katikati ya hatua hizi. Lakini usiwaahidi. Na kadi isifungiwe kabatini saa ya chakula kwa sababu “leo tunataka aseme”. Huko ni kumziba mdomo.

Kwa wenye maneno, angalia mwangwi. Mtoto anataka uji, anasema “Unataka uji?” Anarudia alichosikia kila asubuhi uji ukiletwa. Daktari wa magonjwa ya akili ya watoto Leo Kanner, alipoeleza habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, alishaliona hilo la kugeuza nafsi. Kwa Kiswahili ni rahisi kulikosa, maana nafsi yote imejificha kwenye kiambishi: tofauti ya u- na ni- ni silabi ndogo mwanzoni mwa neno. Kwa hiyo dawa si kumuuliza tena. Mwonyeshe uji, sema kama ambavyo angesema yeye, “Naomba uji,” kisha mpe. Usianze na “Sema,” kwani utarudishiwa “Sema naomba uji,” na neno hilo likishaganda kulibandua ni kazi ya miezi. Wala usimwite kasuku. Anayesema “Unataka uji?” ameshawasiliana, kilichobaki ni sarufi.

Maneno ya kwanza yawe yale yanayobadilisha kitu: nipe, fungua, tena, nisaidie, imetosha. Hilo la mwisho husahaulika, na mtoto asiye na njia ya kusema imetosha huisema kwa meno. Mfanyie kadi ya mkono uliofunguka, na kwa wiki mbili za mwanzo iheshimu kila mara, hata kama kazi imebaki robo. Familia nyingi zitataka shikamoo iwe ya kwanza. Tunawaelewa, lakini shikamoo haimpatii mtoto kitu anachokihitaji, na ikifundishwa mapema atamwamkia kila mtu, hata mlango. Mfundishe kupeana mkono kwanza, wazee huridhika.

Kwenye michezo, kaa sakafuni, uso wako usawa wa uso wake, na kila kitu kiwe jozi: makopo mawili, magari mawili ya waya, mabeseni mawili ya mchele. Dakika tano za mwanzo mwige tu. Akigonga kopo, gonga lako. Akipanga vifuniko vya chupa kwa mstari, usiuvunje mstari. Mpe kifuniko kinachofuata, kimoja kimoja, uwe mtu wa lazima katika mchezo wake. Baada ya hapo ongeza jambo moja, hatua moja tu juu ya alipo. Anayegonga na kulamba mwonyeshe kutumbukiza. Anayetumbukiza na kupanga mwonyeshe kutumia kitu kwa kazi yake: mwiko ukoroge, gari lipite. Anayefanya hivyo ndiye aliye tayari kujifanya: kikombe kitupu kinywewe, mdoli abebwe mgongoni kwa khanga. Kumrukisha kutoka kugonga hadi kupika ugali wa mchanga hakuzai kitu ila mtoto anayekula mchanga.

Mchezo ukishakuwa na hatua tatu au nne zinazofuatana, jenga mnara, lete gari, bomoa, simama kabla ya hatua anayoipenda zaidi. Gari liwe hewani. Hesabu moyoni hadi tano. Akikutazama, akitoa sauti, akikusukuma mkono, bomoa. Usimshike kidevu kumgeuza uso. Mtazamo wa kulazimishwa humchosha na haumfundishi kushirikiana jambo.

Maswali ya mtihani yaue nusu. “Hii rangi gani? Iko mingapi?” hugeuza mchezo kuwa darasa na mtoto huinuka akaenda. Kwa kila swali moja toa maelezo manne, ya neno moja au mawili: “Linapita.” “Limeanguka.” Zamu yako isizidi sekunde tano mwanzoni, maana ukikaa na gari sekunde ishirini, kwa mtoto gari hilo limeibwa. Mtoto mwenzake aingizwe mmoja, si watano, kwa dakika kumi, na huyo mwenzake ndiye awe na vile vipande vinavyotakiwa.

Kwenye daftari andika P alipoanza pekee na M aliposaidiwa, kwa kila jaribio, papo hapo. Lenga nafasi 30 au zaidi kwa siku, zikitawanywa kwenye uji, bafu, bembea na safari ya getini, zisirundikwe asubuhi mezani. M zikizidi P kwa siku tatu mfululizo, usimkaripie mtoto wala usibadilishe kadi haraka. Mwombe mwenzako akutazame dakika kumi na kuhesabu mara ngapi mkono wako ulitangulia wa mtoto.