Jibu: Je, upo upendo usio na masharti?

Dada yangu, umeuliza kama mtu anaweza kumpenda mwenzake bila masharti, maana mchumba wako amekuacha tangu upoteze kazi. Pole sana. Mimi naamini upo, ila ni haba, na mara nyingi hautangazwi.

Tazama hapa kwetu Goma, mashariki mwa Kongo. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Watu walimiminika Sake, Minova, hadi Bukavu. Wengine walilala makanisani na shuleni, lakini wengi walipokelewa na familia ambazo zenyewe zilikuwa zikihangaikia chakula cha siku. Utaniambia walitarajia kulipwa fadhila siku moja. Huenda wapo. Lakini mtu anayemgawia mtoto wa mgeni sombe (kisamvu) iliyobaki, bila hata kujua jina la ukoo wake, anatarajia nini hasa?

Kati ya wapenzi ni tofauti kidogo. Kumpenda mtu bila masharti si kukubali kupigwa wala kudanganywa. Unaweza kuendelea kumtakia mema na bado ukakataa kuishi naye. Ndoa ina masharti yake, na ni haki iwe nayo.

Huyo wako alipenda mshahara, naona. Akirudi ukishapata kazi nyingine, usimjibu haraka. Kaa kwanza na mama yako mdogo au shangazi, mzungumze.