Kwa nini maji ya bahari huyatoa mafuta yaliyong'ang'ania mwamba wa chokaa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha kemia katika shule ya sekondari. Mwanafunzi wangu amesoma kwamba Norwei husukuma maji ya bahari ndani ya miamba ya chokaa iliyo chini ya Bahari ya Kaskazini, na kwamba chumvi zilizoyeyuka humo husaidia kuyatoa mafuta. Mimi nilidhani kazi yote hufanywa na shinikizo. Chumvi hizo zina kazi gani, na ikiwa zinasaidia, kwa nini wasiziongeze? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwanafunzi wako amesema kweli, Mwalimu, ingawa si kila chumvi ya baharini inayosaidia, na ile iliyo nyingi kuliko zote, yaani chumvi ya mezani, huikwamisha kazi.

Mfano ulio bora ni eneo la Ekofisk, upande wa Norwei wa Bahari ya Kaskazini, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 1969 na kuanza kuvunwa mwaka 1971. Yamo ndani ya chaki, aina laini ya mwamba wa chokaa, iliyo kina cha kilomita 3 hivi, penye joto la takribani nyuzi 130 za Selsiasi. Chaki hiyo ina vitundu vingi, lakini njia zinazoviunganisha ni nyembamba mno, na mwamba wenyewe umejaa nyufa. Hapo ndipo shinikizo peke yake linapokwama, kwa kuwa maji yanayosukumwa hukimbilia kwenye nyufa na kuyaacha mafuta ndani ya mabonge ya mwamba. Ili yatoke, sharti chaki yenyewe iyanyonye maji, kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa, ili maji yakiingia mafuta yayapishe.

Kinachoizuia chaki kunyonya ni kemia. Mafuta ghafi yana tindikali zenye makundi ya kaboksili, ambayo hubeba chaji hasi, ilhali uso wa kalsiamu kabonati, ambayo ndiyo chaki yenyewe, katika hali iliyopo huko chini, huwa na chaji chanya. Viwili hivyo vimeshikana kwa muda mrefu mno, na kuta za vitundu zimepakwa utando unaoyakataa maji.

Kwa maelezo ya Tor Austad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stavanger, ambayo naona ndiyo yanayoafikiana zaidi na majaribio, ayoni (yaani chembe zenye chaji) za salfeti zilizomo katika maji ya bahari, zenye chaji hasi, hujishikiza kwenye uso wa mwamba na kuipunguza chaji yake chanya. Kalsiamu ya maji hayo, ambayo hapo awali ilikuwa ikifukuzwa na chaji hiyo, sasa hupata nafasi ya kusogea, hufungamana na kaboksili na kuibandua. Joto likifikia nyuzi 100 hivi, magnesiamu nayo huweza kuingia mahali pa kalsiamu kwenye uso wa mwamba.

Jaribio lao linafaa kusimuliwa darasani. Huchukua kipande cha mviringo cha chaki kutoka Stevns Klint, Denmark, hukishibisha mafuta, kisha hukizamisha katika maji ya moto ndani ya chombo kilichofungwa, na kupima mafuta yanayochuruzika bila kusukumwa na chochote. Wakitia salfeti bila kalsiamu wala magnesiamu, mafuta hukoma mapema. Wakiongeza mojawapo na kupandisha joto, huanza kutoka tena. Kwa hiyo hakuna ayoni moja inayoweza kazi hii peke yake, wala joto haliwezi kuachwa nje ya hesabu.

Sasa kuhusu kuongeza chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, lakini salfeti ni gramu 2.7 tu, magnesiamu 1.3 na kalsiamu 0.4, na karibu yote yaliyobaki ni sodiamu na kloraidi. Hizi mbili, ambazo ndizo chumvi ya mezani, hujazana karibu na uso wa mwamba na kuzibana zile zinazohitajika. Ndiyo maana maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi ya mezani yalitoa mafuta mengi zaidi maabara, na yalipoongezewa salfeti yakazidi tena. Kuyazimua tu kwa maji yasiyo na chumvi hakutoshi, kwani huzipunguza pia ayoni zenye manufaa.

Salfeti nayo ina madhara yake. Ikikutana na bariamu iliyomo katika maji ya asili ya mwambani huganda na kuziba visima, na wapo bakteria wanaoigeuza kuwa gesi ya sumu ya hidrojeni salfaidi. Isitoshe, maji ya bahari huidhoofisha chaki: sakafu ya bahari ya Ekofisk ilikuwa imekwisha kuzama kwa sababu ya kushuka kwa shinikizo, hata mwaka 1987 majukwaa yakalazimika kuinuliwa mita 6, nayo iliendelea kuzama hata baada ya maji kuanza kusukumwa kwa wingi.

Mwaka huohuo ndipo usukumaji mkubwa wa maji ulipoanza. Makadirio ya awali yalikuwa kuvuna asilimia 17 tu ya mafuta yaliyomo, na leo yanakaribia nusu. Nisingependa wanafunzi waandike kwamba ayoni ndizo zilizoleta ongezeko lote, kwa sababu kudumisha shinikizo na kubanwa kwa chaki pia vimechangia sehemu kubwa.