Maana ya "red herring"

Ndugu, mwalimu aliyeandika "red herring" pembeni ya insha yako alimaanisha hoja inayomwondoa msomaji kwenye mada. Herring ni samaki wa baharini ambaye akitiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi huwa mwekundu na kunuka sana. Mwaka 1807 mwandishi wa Uingereza, William Cobbett, alisimulia jinsi alivyomtumia samaki huyo kuwapoteza mbwa waliokuwa wakimwinda sungura. Wengi hudhani "red herring" ni hoja ya uongo, lakini hoja ya namna hiyo yaweza kuwa kweli tupu. Ukimuuliza mchuuzi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kwa nini dagaa wake wana mchanga, naye akakueleza kirefu jinsi mafuta ya boti yalivyopanda bei, amekuchepusha, hata kama mafuta yamepanda kweli.