Maswali ya Wasomaji: Je, uhai wa mtu una bei?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kayole. Mpwa wangu alimaliza masomo ya takwimu, na sasa ni mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza na uchumi wa afya hapa Nairobi. Nilipomuuliza anafanya nini hasa kutwa nzima mbele ya kompyuta, alinijibu kwamba anatafuta ni shilingi ngapi zinazohitajika ili kuokoa mwaka mmoja wa maisha yenye afya. Hatibu mtu wala hagusi mgonjwa, ila anahesabu pesa. Je, tumefika mahali pa kuutia uhai wa binadamu bei?
Mjomba wa mtafiti, Kayole

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Mpwa wako hautii uhai bei. Kinachotiwa bei ni chandarua, sindano, mafuta ya gari na mshahara wa muuguzi; kisha huulizwa kama fedha zizo hizo, zikitumiwa kwingine, zingeokoa watu wengi zaidi. Mfuko wa wizara hauna tofauti na mfuko wa nyumba: aliyenunua hiki amekikosa kile, hata kama hakukaa chini kuhesabu.

Kipimo alichokutajia kilienea baada ya Benki ya Dunia kutoa ripoti yake ya afya mwaka 1993. Hujumlisha miaka inayopotea kwa kufa mapema na miaka ambayo mtu huiishi akiwa na maradhi au ulemavu, kila hali ikipewa uzito wake. Nakiri kwamba uzito huo hunitatiza hata mimi, kwa kuwa sijui ni nani anayestahili kuamua upofu unamla mtu sehemu gani ya mwaka wake. Hata hivyo, bila mizani ya namna hiyo, ugonjwa kama matende, ambao huua kwa nadra lakini humtesa mtu kwa miongo, usingepata hata senti.

Ugumu wa kazi yake unatokana na neno «kuambukiza». Hesabu ya mguu uliovunjika huishia kwa mwenye mguu, lakini mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na ndiyo maana hutakiwa takriban asilimia 95 ya watoto wawe wamechanjwa. Sindano aliyochomwa mtoto wako inamkinga pia mtoto wa jirani, na asiyejua ugonjwa unavyopita kutoka kwa huyu hadi kwa yule atakosea gharama na faida vilevile.

Mfano mzuri uko Busia. Kuanzia mwaka 1998, wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 za msingi zilizopewa dawa za minyoo kwa awamu. Katika makala yao ya mwaka 2004 walieleza kwamba utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizopata dawa, na kwamba hata watoto ambao hawakuzimeza walinufaika, kwa sababu mayai ya minyoo yalipungua mazingirani. Mwaka 2015 watafiti wengine waliirudia hesabu hiyo kwa data zilezile, wakakuta makosa, hasa katika manufaa yaliyosemekana kuzifikia shule za mbali ambazo hazikupewa dawa, na mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Mimi naona hiyo ni sifa ya kazi hii: bei ikiandikwa wazi, mwingine anaweza kuikosoa.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Wengi waliamini kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba mtu akipewa chandarua bila kulipa atakizungushia vifaranga. Wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilijaribu wazo hilo katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Baadhi ya kliniki zilitoa vyandarua vyenye dawa bure, nyingine zikaviuza kwa bei ya ruzuku isiyozidi shilingi 40. Kwenye shilingi 40, waliovichukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia wakilinganishwa na pale vilipotolewa bure, na waliolipa hawakuvitumia zaidi ya waliopewa. Kumbuka pia kwamba dawa ya chandarua huua mbu, kwa hiyo kile kilichobaki kliniki kwa ajili ya shilingi 40 kilimnyima kinga mama mwenyewe na jirani yake pia.

Kwa hiyo usimuulize mpwa wako kwa nini anahesabu pesa; muulize amehesabu pesa za nani. Je, ameingiza nauli ya matatu ya mama aliyempeleka mtoto kuchanjwa, na kibarua cha siku hiyo alichokikosa? Gharama hizo hazimo katika vitabu vya wizara, na ni rahisi sana kuzisahau.